Nguo na Mwenye Nguo

Mtu aingiapo katika jumba la makumbusho huona vitu vitatu: kitu kilichohifadhiwa, kabati la kioo lililokizunguka, na kikaratasi kidogo kinachoeleza kitu hicho ni kitu gani. Kitu kina fundi wake, na kabati lina seremala wake. Lakini ni nadra mtu kuuliza kikaratasi kimeandikwa na nani. Mwaka huu sisi tumepewa kazi ya kuandika vikaratasi hivyo. Yaliyotupata katika kazi hiyo twaona yafaa kuwaeleza walimu na wanafunzi wetu, kwa kuwa yametufunza jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yote tuliyokaa ofisini mchana na kutunga mashairi usiku.

Maonyesho yenyewe hayajafunguliwa bado. Mjini Tanga wazee kadhaa, walimu, na vijana wapenda sanaa walikutana wakaamua kuandaa maonyesho ya mambo matatu ya pwani yetu ya kaskazini, tangu Mkinga hata Pangani: picha, historia, na mavazi. Walitutafuta sisi si kwa ujuzi wetu wa mambo ya kale, maana elimu yetu ilikoma sekondari, bali kwa sababu mtumishi wa serikali amezoea kuandika kwa ufupi, na mshairi amezoea kuhesabu mizani. Walidhani kwamba mtu mwenye mazoea yote mawili hatajaza karatasi kwa maneno yasiyo na kazi. Tulikubali kwa furaha, na kwa majivuno kidogo.

Nchi yetu si ngeni katika shughuli hii. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940, zama za Waingereza, yakaitwa kwa jina la mfalme wao George wa Tano. Baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikusudia taifa changa lijue thamani ya mali yake lenyewe badala ya kuazima ya watu. Katika miaka ile ile ya 1960 kikaanzishwa Kijiji cha Makumbusho, ambamo nyumba za makabila mbalimbali zilijengwa zikasimama uwanjani kama zilivyo vijijini. Mwaka 1965 likarudishwa nchini fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Arusha ikapata Makumbusho ya Azimio mwaka 1977. Hapa Tanga, makumbusho madogo ya Urithi Tanga yamo katika jengo la kale la utawala wa kikoloni. Kule Unguja, Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 iligeuzwa kuwa jumba la makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, ikatukumbusha kwamba hata nyumba ya kuhifadhi nayo yahitaji kuhifadhiwa.

Basi tulianza na sehemu ya historia, tukidhani ndiyo nyepesi. Habari za mkonge, kwa mfano, ziko wazi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mwenye elimu ya kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyoifanya nchi yetu iongoze duniani kwa zao hilo katika miaka ya 1960. Kadi hii tuliiandika kwa dakika chache.

Iliyofuata ilikuwa picha ya zamani ya mkata mkonge, iliyoletwa na familia moja ya mjini. Mtu huyo amesimama wima, amebeba mzigo wa majani begani, uso wake umeelekea jua. Tuligeuza picha tukitafuta jina lake. Nyuma palikuwa na jina la shamba, na maneno mawili matatu ya habari za mavuno. Yeye mwenyewe hakutajwa. Wafanyakazi wa mikataba waliotoka mbali kuja kukata mkonge wetu waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa na kutambuliwa kwa namba. Tulikaa na picha ile mezani muda mrefu. Miche 62 iliyosalimika inajulikana hesabu yake hata leo, lakini mtu aliyeikata majani hakuna aliyeona haja ya kumwandika. Hatimaye tuliandika: "Mkata mkonge, Tanga." Tukaendelea na kazi.

Katika sehemu ya picha tulipata faraja kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa mwaka 1972, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alikuja kutoka kusini akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kumbe mmoja wa wale waliopita katika mashamba hayo alikuja kujulikana kwa jina, si kwa namba. Naye alijulikana kwa kuwa aliacha kazi ya mkono wake mwenyewe.

Mavazi ndiyo yaliyotushinda.

Tulikuwa tumesoma vya kutosha. Tulijua kwamba katika karne ya 19 watumwa na maskini wa pwani walivaa merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Tulijua kwamba leso, neno tulilolipata kwa Wareno, zilishonwa pamoja na wanawake zikawa nguo moja pana, na kwamba nguo yenye madoadoa ilifananishwa na ndege aitwaye kanga. Tulijua kwamba mwanamke aliyetoka utumwani aliitupa kaniki akavaa kanga, ili asiyemjua asimtambue kwa nguo. Na wasomaji wetu wakumbuke kwamba hapa Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria hata ulipofika mwaka 1922. Tulijua kwamba duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa pwani nzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Tulijua kwamba majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi, na kwamba mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kanga zikatengenezwa nyumbani.

Kwa elimu hiyo yote tukaandika kadi ifuatayo: "KANGA. Nguo ya pamba, pwani ya Tanga, miaka ya 1980. Urefu sentimeta 150, upana sentimeta 110. Ina pindo, mji, na jina. Huvaliwa na wanawake, mbili mbili." Tuliisoma mara tatu. Haikuwa na neno la kupunguza. Kilichobaki ni kanga yenyewe, nasi tulijua pa kuipata.

Mama yetu alifariki miaka kenda iliyopita, na nguo zake zikabaki mikononi mwa dada yetu mkubwa, aliyeolewa Pangani. Tulisafiri Jumamosi moja, tukamkuta. Baada ya salamu na chakula tukamweleza haja yetu. Dada alifungua sanduku, harufu ya udi ikajaa chumba. Akatoa kanga moja kati ya nyingi, nyekundu iliyopauka, akaitandaza kitandani. Hakutuuliza twataka ipi. Ndipo tukatoa kadi yetu tukampa aisome.

Aliisoma taratibu, akaturudishia.

"Mdogo wangu," alisema, "hii umeiandika kama mtu wa forodha apimaye mzigo. Nguo nimeiona. Mama yu wapi humu?"

Tulimjibu kwamba kadi ya makumbusho haina nafasi ya kila jambo. Dada akasema, "Basi nguo haitoki." Kisha akaketi, akatueleza kisa ambacho alidhani hatukijui, kwa kuwa wakati ule tulikuwa wadogo.

Mwaka 1982 tulikuwa tukikaa Ngamiani. Dada alikuwa msichana wa miaka 17. Tanga ya siku zile ilisifika kwa taarabu yake. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vimekwisha kuipa taarabu magitaa na mwendo mwingine, na kila msichana alitamani kwenda kusikiliza. Usiku mmoja dada alikwenda bila ruhusa. Jirani yetu, rafiki mkubwa wa mama, alimwona akirudi, na asubuhi akamwambia baba. Dada aliadhibiwa vikali. Mama hakusema neno, maana hakuwa mwanamke wa kumjibu mumewe mbele ya watoto. Lakini baada ya juma moja akaonekana amevaa kanga mpya, nyekundu, yenye jina la kumsuta mtu achunguliaye ya nyumba za wenzake. Jirani aliisoma. Toka siku hiyo wawili wale hawakusemezana kwa miaka mitatu.

"Mji mzima hauna nguo," dada alisema, "na mama akazunguka akalitafuta jina lile mpaka akalipata. Kwa ajili yangu. Hakunitetea kwa mdomo, alinitetea kwa kanga. Ukiandika hayo, ichukue."

Hapa, ndugu msomaji, ulimi wetu ulikuwa mzito. Sisi tulikijua kisa kile kuliko dada alivyodhani, kwa sababu kanga ile tuliileta sisi.

Wazee watakumbuka, na vijana wasome: miaka ile ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeigharimu nchi, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na vitu vilikuwa vimeadimika madukani: sabuni, sukari, unga, nguo. Kanga zilipoletwa habari ilienea usiku, na kabla ya alfajiri foleni ilikuwa imekwisha kufika mbali, wengine wakiwa wameweka mawe kushika nafasi zao. Mama alitutuma sisi, tukiwa na umri wa miaka 11, tushike nafasi. Alitufungia fedha katika pembe ya kitambaa, akasema atakuja mwenyewe kuchagua. Lakini dirisha lilifunguliwa mapema. Aliyekuwa akigawa hakumwuliza mtu ataka rangi gani wala jina gani. Alitwaa doti iliyokuwa juu, akatoa. Mtu mmoja doti moja. Zamu yetu ilipofika tulipokea tulichopewa. Mama alipotokea tulikuwa tumekwisha kutoka, doti iko kwapani. Alitushika kichwa akatushukuru. Nyumbani aliikunjua, akalisoma jina kwa kuchezesha midomo, kama alivyofundishwa katika kisomo cha watu wazima. Kisha akaikunja.

Basi jina lile halikutafutwa na mtu. Liliangukia mikononi mwa mtoto. Tulikuwa tumenyamaza kwa miaka zaidi ya arobaini, kwanza kwa woga wa kitoto, baadaye kwa kuwa hapakuwa na aliyeuliza. Na sasa dada yetu alikuwa amejenga juu ya kanga ile ushahidi kwamba mama alimpenda. Tukisema kweli, tunamnyang'anya. Tukinyamaza, tunaandika katika maonyesho ya umma jambo tunalolijua si kweli. Tuliaga bila kusema, na bila kanga.

Njia ya kurudi Tanga hupita karibu na magofu ya Tongoni, chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Tuliteremka hapo, kwa kuwa hatukutaka kufika nyumbani upesi. Pana msikiti wa kale uliobomoka, na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo ndefu, tangu karne za 14 na 15. Katika nguzo hizo yamo matundu ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo. Vingi havimo tena. Mgeni husimama akahesabu matundu, akapima nguzo, akaandika. Nasi tuliwahi kufanya hivyo tulipowapeleka wanafunzi. Siku ile hatukuhesabu. Tulifikiri kwamba kila kaburi lilijengwa na watu waliojua kwa nini chombo fulani kilipachikwa juu ya marehemu fulani. Pengine alikula ndani yake, pengine aligombana na mtu kwa ajili yake. Vyombo vyaweza kuokotwa vikarudishwa. Waliojua sababu hawarudi. Tukakumbuka kwamba mmoja wa waliojua sababu ya kanga ile yu hai bado, naye anakaa Ngamiani, barabara chache kutoka kwetu.

Tulimwendea bibi yule siku ya tatu yake. Ni mtu mzima sana, lakini macho yake yanaona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka."

Tulimweleza habari za maonyesho, kisha tukamwomba radhi kabla ya kutaja kanga. Alicheka. Alisema kwamba kanga ile aliikumbuka kuliko zake mwenyewe. Tukamweleza yale ambayo hatukuwahi kumweleza mtu: foleni, dirisha, doti iliyokuwa juu. Tukasema kwamba kwa hiyo mama hakukusudia kumtukana, na kwamba miaka mitatu ya kununiana ilikuwa ni kosa la mtoto. Tulisema hayo tukidhani tunamletea zawadi.

Bibi alitutazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi.

"Mlipoileta ile nguo, ilikaa siku ngapi kabla ya kuvaliwa?"

Tulifikiri. Tukakumbuka kwamba usiku ule ule mama alikata doti, akakaa karibu na koroboi akaipinda kwa sindano, na kwamba siku ya tatu yake alikuwa ameivaa.

"Haya," alisema bibi. "Mwaka wa dhiki, mtu amepata kanga mpya. Huiweka mpaka Idi. Kama si Idi, huiweka mpaka harusi. Mama yako aliivaa siku ya tatu, akaja nayo kuteka maji. Bomba lilikuwa uani kwangu. Alijaza ndoo moja, akanigeuzia mgongo, akasimama mpaka nikamaliza kusoma. Kisha akaenda zake. Mwanangu, wewe ulipewa nguo. Maneno aliyatia yeye."

Tulikaa kimya. Naye akaendelea, akatueleza ambalo dada hakulijua wala sisi. Yeye na mama yetu walijifunza kusoma katika darasa moja, benchi moja, katika kampeni ya kisomo iliyoshika kasi tangu mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. "Kama tusingesoma," alisema, "tusingegombana." Yeye naye alitaka kujibu, lakini madukani hapakuwa na cha kujibia. Alingoja. Katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa na nguo zikaanza kuonekana tena, alikwenda akachagua, safari hii kweli kwa kuchagua, kanga yenye jina lisemalo kwamba anayetaka kununa na anune, yeye hana neno. Akaivaa akapita mbele ya baraza letu.

"Mama yako aliisoma mwanzo mpaka mwisho. Nikangoja. Akaniuliza: 'Umeipata wapi, na bei gani?' Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza kwa miaka mitatu."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na kanga ya kijani iliyokunjwa vizuri. Akasema twaweza kuichukua kwa sharti moja: zitundikwe zote mbili, zikitazamana. Moja peke yake, alisema, ni mtu anayesema peke yake barabarani.

Ijumaa iliyofuata tulirudi Pangani tukiwa na kanga ile. Tulimweleza dada mambo yote kwa utaratibu, tangu foleni. Tulipofika kwenye dirisha na doti iliyokuwa juu, uso wake ulibadilika, akatazama chini. Tulipofika kwenye ndoo ya maji aliinua kichwa.

"Siku ya tatu?" aliuliza.

Tukasema, ya tatu.

"Aliipinda usiku ule ule?"

Tukasema, usiku ule ule.

Hakuuliza tena. Alikwenda akafungua sanduku.

Wasomaji wetu huenda wakataka kuyajua majina ya kanga hizo. Tumekubaliana na wenyewe kwamba yasomwe ukutani, si kitabuni, kwa kuwa jina la kanga liliandikwa lisomwe juu ya nguo. Lakini kadi tuliyoiandika upya hatuna sababu ya kuificha. Yasema hivi:

"Kanga mbili za Ngamiani, Tanga. Ya kwanza ilipokewa na mtoto katika foleni mwaka 1982. Mama yake aliipinda usiku ule ule, akaivaa siku ya tatu kwenda kuteka maji kwa jirani. Ya pili ilinunuliwa na jirani miaka mitatu baadaye, kuwa jibu. Wenye nguo hizi walijifunza kusoma katika darasa moja."

Urefu na upana tumeuacha. Mwenye kutaka kuupima, nguo itakuwa mbele yake.

Sasa twawageukia walimu na wanafunzi. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Makumbusho nayo si kabati. Tumezoea kudhani kwamba kuhifadhi utamaduni ni kukinga vitu na vumbi na mchwa, na kazi hiyo ni ya lazima, wala hatuidharau. Lakini kitu chaweza kudumu miaka mia na maana yake ikafa katika mwaka mmoja, siku anapozikwa mtu wa mwisho aliyejua kilitumikaje. Sisi tuliikosa maana ya kanga ya mama ingawa tuliibeba kwa mikono yetu. Dada aliikosa nusu ingawa aliihifadhi kwa udi. Ilibidi aulizwe yule aliyelengwa.

Kwa hiyo mwalimu apelekapo wanafunzi kutazama maonyesho, awape kwanza kazi ya nyumbani. Kila mmoja na aombe kuonyeshwa nguo moja ya zamani, au chungu, au jembe, au picha, katika nyumba yao. Asiulize tu "hiki ni nini?" Aulize ni nani alikitumia, siku gani, mbele ya nani, na nani alikasirika. Aandike anavyoambiwa. Na kama wapo wawili wanaokumbuka tofauti, awaandike wote wawili. Atakaporudi darasani na karatasi hiyo atakuwa ameandika kadi ya makumbusho iliyo bora kuliko ile yetu ya kwanza.

Kabla ya kukabidhi kazi tuliirudia picha ya mkata mkonge. Hatukuweza kumpa jina, na kumbunia lisilo lake ingekuwa dhuluma ya pili. Tumeiongeza kadi yake maneno machache, tukaacha chini yake nafasi nyeupe ya kutosha mstari mmoja. Sasa yasema: "Mkata mkonge, Tanga. Alikuwa na jina. Amjuaye, au aliyesikia habari zake kwa wazee, na atuambie tuliandike hapa."